Kiu ya Nyanya Nyadoi

Mlango wa bati ukisukumwa na upepo hutoa mlio ambao siwezi kuufananisha na mwingine wowote. Kwanza mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta kiti kwenye saruji, halafu kishindo, halafu kimya kidogo, halafu mkwaruzo tena. Juzi niliusikia nyuma ya duka moja pale Tororo, nikiwa nimesimama kungoja mifuko yangu ya simiti ipakiwe, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mwenye duka akanitazama kwa wasiwasi. Singeweza kumweleza. Hata nyinyi sijui kama nitaweza kuwaeleza vizuri, maana kisa chenyewe ni cha choo na cha mama mkwe, na kwetu mambo hayo mawili hayatajwi pamoja mbele ya watu. Lakini nyinyi si watu baki.

Tulikaa Busia, upande wa Uganda, kwenye ua wa vyumba vilivyotazamana, na mwisho wa ua kabisa kulikuwa na choo chenye mlango wa bati. Mlango huo ulikuwa mtangazaji wetu. Mtu akiingia, ua mzima ulijua. Akikawia, ua mzima ulijua pia, na kulikuwa na jirani ambaye angemuuliza baadaye kama tumbo limepoa.

Baba yangu alikuwa mtu wa lori. Baba yake naye alitoka Kigoma akiwa utingo, akashuka mpakani kunywa chai, na hakupanda tena. Hivyo nyumbani tulisema Kiswahili, tuliswali, na tulinuka dizeli kidogo hata siku ya Idi. Mama alitoka Kisoko, kule Tororo, kwa wakulima wa njugu na mtama, watu wa kanisani wanaosema Kidhopadhola. Baba alimwona alipokwenda kupakia mihogo. Mama aliposilimu akaitwa Mariamu, na mama yake, Nyanya Nyadoi, alilia siku chache, kisha akanyamaza, akafuta machozi, na akaendelea kumwita Athieno, jina lake la kuzaliwa, mpaka leo.

Sasa, kwao Nyanya, mama mkwe na mume wa binti yake ni watu wanaopendana kwa mbali. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hampi mkono. Na kuhusu choo afadhali nisiseme mengi: mkwe kumwona mama mkwe akielekea huko, kwa Nyanya, kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Baba hakuzaliwa katika desturi hiyo, ila aliishika kwa bidii kuliko wenyewe. Walipokutana, walisema kupitia kwangu.

"Zaituni, mwambie nyanya yako karibu," Baba angesema, akitazama paa la jirani.

"Mwambie baba yako nimeshakaribia," Nyanya angejibu, akitazama kuku.

Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, na kwa Kiswahili hichohicho, lakini mimi nilirudia kila neno kwa sauti, nikijiona mtu muhimu sana.

Nilikuwa darasa la tatu Mama alipojifungua mdogo wangu Hamisi kwa upasuaji. Alirudi nyumbani akitembea kwa kuinama, mkono mmoja umeshika kidonda, na Nyanya akafika kutoka Kisoko kesho yake, na gunia la njugu, simsim iliyosagwa, na kuku aliyefungwa miguu. Jirani yetu, Mama Nekesa, Msamia mwenye roho nzuri, alimpa chumba chake cha pembeni, ili asilale kwa mkwe. Ilikuwa kiangazi. Vumbi la malori yaliyopanga foleni mpakani liliingia mpaka ndani ya sukari.

Nyanya alikuja na sheria moja kuu, nayo ilikuwa maji. Asubuhi na mapema alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akayaacha yapoe chini ya kitambaa, akayamimina kwenye jerikeni la njano ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kwa mikono michafu. Kisha kazi ikaanza. Mama alinywa kabla ya kunyonyesha, akanywa baada ya kunyonyesha, na katikati akaletewa uji mwepesi.

"Mama, tumbo limejaa," Mama alilalamika.

"Tumbo yako imejaa. Ya mtoto je?" Nyanya alisema. "Maziwa inatoka kwa maji. Wewe nakunywa."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimekatwakatwa na kuunganishwa upya, lakini ungekielewa hata ukiwa usingizini. Mimi nikitoka shule sikuruhusiwa kuvua begi kabla ya kumaliza kikombe. Halafu angenifinya ngozi ya mgongo wa mkono, aone kama inarudi mahali pake upesi. Na kuna swali alilopenda kuniuliza, tena mbele ya wenzangu, tena kwa sauti ya mtu anayeita kuku:

"Zaituni, leo mkojo yako ilikuwa rangi ya chai ama ya maji?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wenzangu waliniita Chai ya Rangi kwa muda mrefu. Lakini niwaambie ukweli, kichwa kilichokuwa kikiniuma kila siku mchana darasani kiliacha kuuma, na Hamisi alinenepa mpaka mikono yake ikawa na mikunjo kama mkate uliofungwa uzi.

Kisha lori la Baba likaharibika. Giaboksi ilikufa barabarani, likavutwa mpaka nyumbani, na kwa kuwa ua ulikuwa na nafasi upande mmoja tu, likasimamishwa kule mwisho, karibu na choo. Baba hakuwa mtu wa kumwachia fundi lori lake. Alitandaza gunia, akaingia chini ya injini, na kuanzia asubuhi mpaka Magharibi tuliona miguu yake tu ikichomoza, na tulisikia spana zikigonga na redio ikisoma habari. Ukitaka kwenda chooni, ulipita kando ya miguu hiyo. Sisi wengine tulipita tu. Mimi niliiruka.

Siku zile ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo watu wazima hawakuliona. Nyanya aliendelea kutugawia maji kama kawaida, na sauti yake haikupungua. Lakini kikombe chake mwenyewe, cha bati la bluu, kilikaa kimejaa. Mama alipomwambia, "Na wewe kunywa, Mama," alikiinua, akalowesha midomo, akakirudisha. Jioni nilimwona akienda nyuma ya chumba chake, akatazama kulia na kushoto, akayamwaga maji yote kwenye shina la mpapai. Mpapai ule ulistawi sana mwaka ule.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha kwamba mtu anayefunga kwa siri hupata thawabu kubwa, na anayemtangaza humharibia. Haikuwa Ramadhani, lakini Ustadhi mwenyewe alifunga Jumatatu na Alhamisi. Basi nikaamua kwamba Nyanya, ingawa alikuwa mtu wa kanisani, amependezwa na dini yetu na anafunga kimyakimya. Nilimwonea fahari. Nilifumba mdomo ili nisimharibie thawabu, na nikawa namtazama kwa jicho la heshima alipokuwa akiketi kivulini na midomo mikavu, akimbembeleza Hamisi.

Midomo ilikauka, kweli. Ikapasuka. Nyanya akaanza kulalamika kwamba jua la Busia linapiga kichwa vibaya kuliko la Kisoko. Siku moja alitia chumvi kwenye chai ya Mama mahali pa sukari, tukacheka naye. Siku nyingine aliniita Athieno, akaniuliza kama mbuzi wamefungwa. Sisi hatukuwa na mbuzi. Mama alinitazama, nikaona hofu machoni pake, lakini Hamisi akalia na jambo likapita.

Kesho yake, mchana, jua likiwa juu ya vichwa, Nyanya alikuwa akianika nepi za mtoto kwenye kamba. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Alinyoosha mkono kushika kamba, mkono ukaikosa. Akajaribu tena, akaikosa tena, kisha akateremka taratibu kwa kufuata ukuta, kama mtu anayekaa kupumzika, kichwa kikaangukia begani. Nepi ilikuwa bado mkononi mwake.

Nilipiga kelele. Mama alitoka akiwa ameshika kidonda, akapiga magoti kando yake, akamtikisa, akajaribu kumwinua. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu, akaachia. Mama Nekesa alikuwa sokoni. Ua ulikuwa mtupu. Alikuwapo Baba tu.

Baba alikuwa ameshatoka chini ya lori. Alisimama pale katikati ya ua na mikono yake myeusi kwa grisi ikiwa hewani, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukiweka. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akiwa hajui la kufanya, maana alikuwa mtu wa kuamua haraka. Alinitazama mimi, si Nyanya.

"Zaituni," alisema, "mwambie nyanya yako afungue macho."

"Nyanya, Baba anasema ufungue macho," nilisema huku nalia.

Hakufungua.

"Mwambie tunampeleka kwa daktari."

Nikamwambia. Midomo yake ilitikisika, ikasema kitu kuhusu mbuzi.

Baba alivuta pumzi. Akaingia ndani, akatoka na leso mpya ya Mama, ile aliyoletewa kwa kujifungua salama, bado ina mikunjo ya dukani. Aliitandaza juu ya Nyanya kuanzia mabegani mpaka miguuni, akaikunja chini yake kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kitu kinachovunjika, ili mikono yake isimguse mahali popote. Grisi ilichora alama nyeusi kwenye maua ya leso. Kisha akainama sikioni pake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia akisema naye bila kupitia kwangu.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe. Nakubeba."

Akambeba.

Kliniki ilikuwa ng'ambo ya msikiti, na kufika huko ilibidi kupita mtaa wote wa wauza nguo na wabadilishaji wa fedha, mchana kweupe. Baba alitembea haraka, mabega ameyainua, macho ameyakaza mbele. Watu waliomjua walianza kumsalimu, wakaona aliyembeba ni nani, wakamaliza salamu tumboni. Mwendesha baiskeli mmoja alishuka akasimama kando mpaka tupite. Mimi nilikimbia nyuma nimeshika malapa ya Nyanya yaliyomvuka miguuni, moja kila mkono, nikiona aibu nisiyoijua ni ya nini.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mnene, mwenyeji wa Tororo, mwenye sauti ya mtu asiyeharakishwa na lolote. Alimfinya Nyanya ngozi ya mgongo wa mkono, kama vile Nyanya alivyokuwa akinifinya mimi, na ngozi ikabaki imesimama kama hema dogo. Akamtundikia maji ya dripu. Baba alisimama pembeni, amejigeuza ukutani, anasoma bango la chanjo.

Baada ya muda Nyanya alifungua macho, akaomba maji kwa sauti ya mkwaruzo, akanyweshwa kidogokidogo kwa kijiko. Nesi akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Nyanya alitazama mgongo wa Baba. 

Nesi akauliza tena. Nyanya akavuta leso mpaka kidevuni. Nami sikuweza kuvumilia tena. Nilihofia atakufa na siri yake, thawabu au hapana.

"Anafunga," nilisema. "Nyanya anafunga kwa siri. Maji anamwagia mpapai."

Nesi alinitazama, akamtazama Nyanya mwenye rozari shingoni, akamtazama Baba ukutani. "Mzee," alimwambia Baba, "hebu tupishe kidogo."

Baba alipotoka, Nyanya aliziba uso kwa ncha ya leso na kuanza kusema Kidhopadhola haraka na chinichini. Niliokota maneno machache tu: choo, njia, lori. Nesi hakucheka. Alitikisa kichwa, akamshika mkono, akasema kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie, "Pole, mama. Hata mama yangu angefanya hivyo."

Kumbe tangu lori lilipoletwa, Nyanya alikwenda chooni alfajiri tu kabla ya adhana, na tena watu walipokwisha kulala. Kutwa nzima miguu ya mkwe wake ilikuwa njiani, na ule mlango ungemtangaza. Kwa hiyo alifanya hesabu yake: kisichoingia hakitatoka.

Nesi alimfuata Baba nje. Niliwachungulia.

"Mzee, lori yako iko wapi siku hizi?"

"Nyumbani. Imeharibika giaboksi."

"Nyumbani upande gani?"

Baba alianza kumweleza, kwa ufasaha wa mtu anayependa kueleza habari za lori lake. Iko mwisho wa ua, alisema, pale karibu na... Akakwama. Alitazama mikono yake, ile grisi, na alama za grisi zilizobaki kwenye vidole baada ya leso. "Aa," alisema. 

Sikumsikia akilitaja jambo hilo tena. Lakini jioni ileile, Nyanya akiwa bado kliniki, Baba aliwaleta wanaume kutoka stendi ya malori, wakalisukuma lile lori nje ya ua, mpaka uwanja wa wazi upande wa pili wa barabara, huku wakimuuliza kwa nini analipeleka juani na yeye akisema anataka mwangaza. Alitia grisi bawaba za mlango wa choo mpaka ukawa unafunguka kama pazia. Alinunua mikeka ya mafunjo, akapigilia nguzo, akazungusha kinjia kutoka mlango wa Nyanya mpaka chooni, hivi kwamba mtu angeenda na kurudi pasipo kuonwa hata na kuku. Mama Nekesa aliuliza uzio huo ni wa nini. Baba akasema ni wa kuzuia vumbi. Na tangu siku hiyo, kila aliporudi nyumbani, alianza kukohoa akiwa bado barabarani, kikohozi kikubwa cha makusudi, mpaka jirani mmoja akamshauri apimwe kifua.

Nyanya aliporudi, alisimama mbele ya kile kinjia cha mafunjo kwa muda. Aligusa mkeka mmoja kwa kiganja.  Akaingia chumbani, akatoka na kile kikombe cha bati, akaniambia nikijaze, akanywa chote akiwa amesimama, akaniambia nikijaze tena.

Alikaa nasi mpaka Mama akaweza kuinua ndoo. Siku zake za mwisho kabla ya kurudi Kisoko, mchana mmoja wa jua kali, aliniita. Alikuwa amejaza kikombe chake mwenyewe, kile cha bluu, na kukifunika kwa sahani.

"Peleka kwa baba yako, kule kwa lori," alisema. "Mwambie amalize yote. Jua ni mbaya."

Baba alikuwa chini ya injini. Alitoka, akakaa kwenye gunia, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni kwanza, jambo ambalo hakulifanya kwa chakula chetu sisi. Akanywa polepole mpaka tone la mwisho. Ng'ambo ya barabara, Nyanya alikuwa amesimama langoni, anatazama paa la msikiti.

"Mwambie nyanya yako nimemaliza," Baba alisema, kwa sauti iliyofika mpaka langoni.

Nilivuka barabara nikamwambia, ingawa alikuwa ameshageuka na anatabasamu.

Nimekuwa mtu mzima, na nimesafiri kwenye mabasi ambayo hayasimami, nikashika chupa ya maji mapajani bila kuifungua. Nimeona wasichana wa shule wanaokaa na kiu mpaka kengele ya mwisho kwa sababu choo hakina komeo. Kila mara nilimkumbuka Nyanya, na nikaelewa kwamba mtu anaweza kukauka akiwa amekaa kando ya jerikeni lililojaa, na kwamba kumwambia anywe si kumsaidia, kama hujamtengenezea njia. Hilo nilidhani ndilo somo lote, na kwamba Baba peke yake ndiye aliyelifanya jambo kubwa katika habari hii.

Halafu, miaka michache iliyopita, nilimtembelea Kisoko. Alikuwa amezeeka sana, anakaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikimsukumia kikombe na kumfinya ngozi ya mkono. Tulikuwa tunazungumza habari za Baba, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilimuuliza kama anakumbuka chochote cha siku ile aliyoanguka, au kama akili ilikuwa imepotea kabisa.

"Ilipotea," alisema. "Lakini ilirudi pale kwa wauza nguo. Nasikia watu nanyamaza. Nasikia moyo yake inapiga hapa." Akagusa sikio.

"Ulikuwa macho? Mbona hukufungua?"

Alinywa maji kidogo, akafuta mdomo.

"Nikifungua, yeye ataona mimi namwona. Ataniweka chini pale barabarani kwa haya, na mimi siwezi kutembea. Nikasema, Nyadoi, wewe funga macho, huyu mtoto apate kubeba mama yake."

Akanirudishia kikombe. Kilikuwa kitupu. Nilikaa kando yake, nikiwaona upya wawili wale katika mtaa ule wa jua: mmoja amekaza macho mbele, mwingine ameyafumba, kila mmoja akimfichia mwenzake aibu, na mimi nyuma yao na malapa mkononi, nikidhani ni mmoja tu anayembeba mwenzake.